Kitabu Pepe Kinaposomwa kwa Sikio: Majaribio ya Programu za Kusomea kwa Wanafunzi Wasioona

Katika idara yetu yumo mwanafunzi asiyeona, na tangu mwaka wa kwanza amekuwa akisoma kwa macho ya kukopa. Jioni huja kwetu Kibati, mmoja wetu humsomea silabusi kwa sauti, naye hurekodi kwenye simu. Msomaji akichoka, somo limekwisha. Msomaji akiruka mstari kwa usingizi, mstari huo haumo katika mtihani wa mwenzetu mpaka siku atakapouona umeulizwa. Ndiyo maana muhula uliopita tuliamua kupima jambo ambalo watu wengi hudhani limekwisha kutatuliwa: je, programu za kusomea vitabu pepe zinaweza kumpa mwanafunzi asiyeona kitabu kizima, kwa lugha tunazosomea hapa, bila ya mtu kukaa kando yake?

Makala haya yanaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, jinsi tulivyovipima, na mahali vinapokwama. Sehemu kubwa ya kukwama huko, kama itakavyoonekana, ni suala la isimu kuliko la ufundi wa kompyuta, na kwa hiyo linatuhusu sisi wa kitivo hiki kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Kisomaji skrini ni programu inayochukua yaliyomo kwenye skrini na kuyatamka. Asiyeona hatumii kipanya, kwa sababu kipanya hakina maana kwa mtu asiyeona kishale kiko wapi. Kwenye kompyuta hutumia kibodi peke yake. Kwenye simu hupitisha kidole, na kila anachokigusa kinasemwa. JAWS, iliyotoka mwaka 1989, ni ya kulipia, na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi wa Goma. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchunguza au kuurekebisha. Simu za Android huja na TalkBack ndani yake. Kwa hiyo mwenzetu hakukosa kisomaji skrini. Alikuwa nacho siku zote mfukoni. Alichokosa ni vitabu vinavyokubali kusomwa nacho.

Lazima hapa tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kipo kitabu chenyewe, yaani faili. Ipo programu inayofungua kitabu hicho. Kisha kipo kisomaji skrini, ambacho nacho huazima sauti kutoka kwa injini ya kutamka. Kasoro inaweza kukaa popote katika mnyororo huo, na anayesikiliza husikia jambo moja tu: kimya, au matamshi ya ajabu. Kupima ni kutafuta kasoro imekaa wapi.

Fomati ya EPUB ndiyo inayotumiwa zaidi kwa vitabu pepe nje ya himaya ya Amazon. Toleo la EPUB 3 lilitoka mwaka 2011, na tangu mwaka 2017 fomati hiyo inasimamiwa na W3C, shirika lilelile linalosimamia kanuni za kurasa za intaneti. Ukikifungua kitabu cha EPUB kwa ndani, utakuta ni mfuko uliobanwa wenye kurasa za aina ya zile za intaneti: kichwa cha sura kimetiwa alama kwamba ni kichwa, aya ni aya, tanbihi ni tanbihi, na lugha imetajwa. Alama hizo hazionekani kwa anayesoma kwa macho. Yeye huona herufi nene na kujua mwenyewe kwamba hiki ni kichwa. Anayesoma kwa sikio hana herufi nene. Bila alama, kitabu cha kurasa 300 kwake ni sentensi moja ndefu isiyo na mlango.

Kitabu kikiwa kizuri, programu inaweza kukiharibu. Mfano unaojulikana zaidi ulitokea chuo kikuu. Mwaka 2009 Amazon ilitoa kifaa cha Kindle chenye uwezo wa kusoma kwa sauti, na vyuo kadhaa vya Marekani vikaanza kujaribu Kindle DX mahali pa vitabu vya karatasi. Tatizo ni kwamba menyu za kifaa hicho hazikusema. Asiyeona angeweza kusomewa kitabu, ila hakuweza kukifungua wala kukichagua bila kusaidiwa. Mwezi Juni mwaka huo vyama viwili vya wasioona, National Federation of the Blind na American Council of the Blind, viliishtaki Arizona State University, na kesi ikamalizika kwa makubaliano Januari 2010. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha vizuri kwamba sifa ya "kinasoma kwa sauti" iliyoandikwa kwenye tangazo haitoshi.

Majaribio yetu yalifanyika kwa kompyuta moja ya Windows yenye NVDA na simu mbili za Android. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba anayepima ni mwenzetu, sisi tunaandika. Mtu anayeona akifumba macho bado anakumbuka kitufe kiko wapi, na akibanwa hufungua jicho moja, nimejaribu, najua. Kanuni ya pili ilikuwa kuzima mtandao. Hapa Kibati, njia ya Rutshuru, chini ya Nyiragongo, mtandao huja na kwenda na umeme ni wa kuombea. Zipo sauti nzuri sana za kompyuta zinazotamkwa kutoka kwenye seva za mbali, lakini sauti inayonyamaza mtandao ukikatika haiwezi kubeba mtu hadi mtihani. Tulichukua zile zinazokaa ndani ya kifaa.

Shirika la DAISY, lililoanzishwa mwaka 1996 kushughulikia vitabu vya wasioona, linasimamia vitabu maalumu vya kupimia programu, ambavyo kila ukurasa wake ni swali: je, kichwa hiki kimesemwa? Je, umeweza kurudi kutoka kwenye tanbihi? Ni kazi bora, lakini vitabu tulivyovipata ni vya Kiingereza. Kwa hiyo tulitengeneza kijitabu chetu cha EPUB chenye sura tatu za Kiswahili, aya moja ya Kifaransa, jedwali, picha yenye maelezo, tanbihi nne na namba za kurasa.

Maswali yetu yalikuwa ya mwanafunzi. Je, anaweza kufungua programu, kukiona kijitabu kwenye rafu na kukifungua peke yake? Je, orodha ya yaliyomo inasemwa na inampeleka kwenye sura? Akianza kusikiliza, je, sauti inavuka kutoka ukurasa hadi ukurasa au inakatika? Je, anaweza kusikiliza neno moja herufi kwa herufi, kama anavyohitaji anapotaka kuliandika? Je, akifunga na kufungua kesho yake atakuta pale alipoachia? Na profesa akisema "fungueni ukurasa wa 47", je, anaweza kufika huko pamoja na wenzake? Hili la mwisho watu hulisahau. Kitabu pepe hakina kurasa za kudumu, kwa kuwa ukikuza herufi kurasa zinaongezeka. Ila EPUB inaruhusu kuwekwa orodha ya kurasa za kitabu kilichochapishwa, na programu nzuri huitumia.

Thorium Reader, programu ya bure ya shirika la EDRLab la Paris, imejengwa kwa kuwafikiria wasioona tangu mwanzo, na katika kompyuta yetu ilijibu karibu maswali yote. Kwenye simu mambo yalikuwa mchanganyiko. Programu moja yenye sura ya kupendeza sana ilisema "kitufe, kitufe, kitufe" kwa kila alama ya juu ya skrini, kwa sababu aliyeitengeneza alichora picha za vitufe bila kuviandikia majina. Nyingine ilisoma vizuri kisha ikanyamaza mwisho wa kila ukurasa, ikingoja kidole kipitishwe kama vile mtu anafunua karatasi. Hebu fikiria kumsikiliza mhadhiri anayenyamaza kila baada ya nusu dakika hadi umguse bega. Mwenzetu aliivumilia kwa sura moja, akaifuta.

Hadi hapo tulikuwa tunafanya kazi ya mafundi. Sasa tuingie penye kazi yetu.

Simu ya mwanafunzi wa Goma kwa kawaida imewekwa Kifaransa. Kisomaji skrini kikikutana na maandishi yasiyotajwa lugha, huyatamka kwa lugha ya simu. Matokeo yake ni Kiswahili kinachosomwa kwa kanuni za tahajia ya Kifaransa, nazo zinakwenda kinyume na zetu hatua kwa hatua. Herufi *s* kati ya irabu mbili katika Kifaransa hutamkwa *z*: basi "kasi" inakuwa "kazi", "kisa" kinakuwa "kiza". *Ch* hutamkwa *sh*: "choka" inageuka "shoka". *H* haitamkwi kabisa, kwa hiyo neno linalotuweka mjini sisi wa kitivo hiki, "fasihi", linasikika "fazii". *Au* ni *o*, na "sauti" ikawa "soti". *E* ya mwisho humezwa: "mbele" ikabaki "mbel". Irabu ikifuatwa na *n* au *m* na konsonanti huingia puani, na hapo "Mungu" hatambuliki tena.

Makosa haya si sawa yote. "Soti" mtu anaweza kuikisia. Lakini "kasi" na "kazi", "kisa" na "kiza", "choka" na "shoka" ni jozi za maneno halisi. Msikilizaji hapati neno lililoharibika, anapata neno lingine zima lisilohusika. Akili inafanya kazi ya kurudisha kila neno kwenye tahajia yake kabla ya kuanza kuelewa hoja. Mwenzetu alikuwa amezoea. Alituambia kwamba kwa muda mrefu alijua kuusoma "Uswahili wa Kifaransa" kwa haraka, kama mtu anayejua kilugha cha siri.

Dawa ipo na ni fupi: kutaja lugha. Ndani ya EPUB kuna mahali pa kuandika *sw* kwa kitabu kizima, na mahali pengine pa kuandika *fr* kwa aya moja au hata neno moja. NVDA ikiona alama hiyo hubadili sauti yenyewe, kwa masharti kwamba chaguo hilo limewashwa na sauti ya lugha hiyo ipo. Sauti ipo: injini ya eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, ina Kiswahili. Ni sauti kavu, ya bati, lakini inaishi ndani ya kifaa, haili nafasi, na inafuata tahajia yetu kwa uaminifu. Tahajia ya Kiswahili, inayokaribia kuwa na sauti moja kwa kila alama, na mkazo wake wa silabi ya pili kutoka mwisho, ni rahisi kwa mashine. Kifaransa kilihitaji kanuni na vighairi vingi mno.

Pamoja na hayo, vipo vijiti njiani. Mkazo wenye vighairi, kama *barabára* ya kupita magari na *barábara* ya sawasawa, mashine inausawazisha. Tarakimu ni tatizo kubwa zaidi. Tukiandika "vitabu 3" jicho linasoma "vitabu vitatu", na "miti 3" linasoma "miti mitatu", kwa sababu moja hadi tano na nane hufuata upatanisho wa ngeli, wakati sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mashine inaona tarakimu tu na kusema "vitabu tatu". Kwa msomaji mzima si kitu. Kwa mtoto asiyeona anayejifunza upatanisho wa kisarufi kwa kusikiliza, ni mwalimu anayekosea kila siku.

Kisha ipo *ng'*. Ritifaa yake ina maumbo matatu katika kompyuta: ile iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda ambayo programu ya kuandikia iliyowekwa Kifaransa huiweka yenyewe bila kuulizwa, na ile ya tatu ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi. Kwa macho zinafanana. Kwa programu, ya pili ni alama ya kufunga nukuu, na baadhi ya sauti hulikata neno hapo: "ng" halafu "ombe". Katika kutafuta pia, ukiandika "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka huenda usimpate ng'ombe hata mmoja katika kitabu kilichojaa ng'ombe wa iliyopinda. Kijitabu chetu kilikuwa na zote mbili, kwa sababu waandishi wake tulikuwa watatu wenye kompyuta tofauti. Tulizisawazisha kwa iliyonyooka.

Maandishi ya isimu yana shida yake ya pekee, ambayo sijaona ikitajwa kwetu. Tunapochanganua kitenzi, tunaandika mofimu juu, *a-na-som-a*, na chini yake tunapanga nafsi, njeo, mzizi, kiishio, kila kimoja chini ya chake. Upangaji huo unafanywa kwa nafasi tupu. Kisomaji skrini husoma mstari wa juu wote, kisha wa chini wote, na uhusiano baina yao unayeyuka. Mfano wenye mofimu nane hauwezi kufuatwa na mtu yeyote kwa njia hiyo. Tuliujaribu katika jedwali, kila mofimu na maana yake katika safu moja, na mwenzetu akaweza kutembea safu kwa safu, akipanda na kushuka. Vielelezo matawi vya sentensi vilivyobandikwa kama picha havisemi kitu mpaka viandikiwe maelezo. Mabano ya mraba, ambayo wengi wetu tunayaona ya kizamani, yanasomeka bora kuliko mti. Alama za kifonetiki kama ŋ na ɲ baadhi ya sauti huziruka kimyakimya, na alama za toni za Kinande au Kihunde vilevile. Katika somo la fonolojia kinachorukwa ndicho somo lenyewe. NVDA inaruhusu mtumiaji kuongeza maneno katika kamusi yake ya matamshi, nasi tumeanza kuingiza alama hizo moja moja kwa majina yake.

Nimechelewa kufika kwenye silabusi, na silabusi ndizo tunazosomea. Nyingi ni nakala ya nakala iliyopigwa picha na kutumwa kama PDF. Faili ya namna hiyo haina herufi hata moja. Ni picha ya karatasi. Programu yoyote, iwe nzuri namna gani, itanyamaza. Zipo programu za kutambua herufi kutoka kwenye picha, na Tesseract ya bure inakijua Kiswahili, lakini kwa nakala hafifu iliyoandikwa pembeni kwa kalamu tulipata uji. Wakati huohuo mwalimu aliyeiandika silabusi hiyo anayo faili yake ya Word nyumbani. Akiitoa faili hiyo kwa fotokopi peke yake na si kwa mwanafunzi, mara nyingi ni kwa kuhofia isisambae bila malipo, na hofu hiyo ina haki yake, kwa kuwa mauzo ya silabusi ni sehemu ya riziki. Hata hivyo kumpa mtu mmoja faili kwa makubaliano si kuimwaga sokoni. Sheria ya nchi namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inahusu kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya iliingia mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020, unaruhusu kutengenezwa nakala zinazosomeka na wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye kazi, na kuzivusha mipaka kati ya nchi wanachama. Walimu wawili wameshatupa faili zao. Kuzitia vichwa halisi na lugha ("Kiswahili (Kenya)" ndiyo iliyomo katika Word) kulituchukua mchana mmoja kwa kila moja.

Limebaki swali la Kiswahili chetu wenyewe. Kanuni za kimataifa za majina ya lugha zinaipa *swa* lugha kubwa ya Kiswahili, na chini yake zinaweka mbili: *swh* ya pwani na *swc* ya Kongo. Tulipoongeza katika kijitabu hadithi iliyorekodiwa sokoni, yenye "batu" na "bintu" badala ya "watu" na "vitu", kwa uaminifu wa kiisimu tuliitia *swc*. Sauti ikarudi Kifaransa papo hapo. Hakuna injini katika vifaa vyetu inayoijua *swc*, na programu isiyojua alama hurudi kwenye lugha ya kifaa. Lebo iliyo sahihi kuliko zote ndiyo iliyoleta matamshi mabaya kuliko yote.

Kuna njia ya katikati: *sw-CD*, yaani Kiswahili kinachotumika Kongo. Programu isiyo na sauti ya *sw-CD* inatakiwa ikate sehemu ya nyuma na kutafuta *sw*, ambayo ipo. Kwa mwanaisimu, lebo hii inaificha hoja kwamba Kiswahili cha Goma kina sarufi yake. Inakifanya tawi la kijiografia tu, kama vile tofauti yake na cha Dar es Salaam ni posta. Wenzangu wawili katika kikundi wanaikataa kwa sababu hiyo, na wanataka *swc* ibaki hata kama leo haisomeki, ili siku itakapotengenezwa sauti ikute vitabu vinaisubiri. Mimi nimesimama upande wa anayesikiliza sasa hivi. Katika toleo la pili tumeandika *sw-CD*, na sauti ya bati ikasoma "batu" na "bintu" bila kigugumizi, kwa kuwa haina kamusi ya kuikataza. Inafuata herufi tu. Mwenzetu ameomba hadithi nne zaidi kabla ya mitihani, na kwamba safari hii ritifaa zote ziwe za aina moja.